Picha za zamani zimefika mezani kwako: mwongozo kwa mhifadhi anayeanza

Maswali ni yale yale kila mwezi, na yanatoka kwa vijana waliokabidhiwa ufunguo wa chumba cha picha: kwenye makumbusho madogo ya jamii, maktaba ya dayosisi, ofisi ya kumbukumbu ya wilaya. Nisafishe kwa kitu gani? Nitoe kwenye fremu? Spiriti inafaa? Selotepu je? Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja, ili ukipewa boksi Jumatatu asubuhi uwe na pa kuanzia.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kazini, Hajati mmoja alikuja kutoka Bombo na picha ya baba yake, askari wa Keya, jeshi la Waingereza enzi za ukoloni, amesimama wima na fimbo kwapani. Picha ilikuwa imegandana na kioo cha fremu. Nikamwambia, "Niachie, mama, kesho utaikuta safi." Nikapitisha wembe kati ya kioo na picha, taratibu, nikiamini mkono wangu. Uso wote ukabaki kwenye kioo. Mkononi nikabaki na mabega, vifungo vya sare na ukingo wa kofia. Hajati alipokuja aliishika kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, ilikuwa hii hii moja." Negativu, ile filamu ya kutolea nakala nyingine, haikuwepo. Nakala haikuwepo. Yote ninayoandika hapa chini yana lengo moja: usije ukasikia maneno hayo.

Nadharia, kidogo tu

Umewahi kula mulokoni, ile supu ya kwato za ng'ombe? Ukiiacha sufuria usiku kucha, asubuhi mchuzi umeganda, unatikisika, unanata vidoleni. Kinachougandisha ni jelatini, inayotoka kwenye ngozi na mifupa ya ng'ombe. Picha nyingi za karne ya 20 ni karatasi iliyopakwa tabaka jembamba la jelatini hiyo hiyo, na ndani yake zimo chembe za fedha zinazochora sura ya mtu. Hiyo fedha ni madini kweli, ile ya pete.

Ukishika hapo, mengine yanaeleweka yenyewe. Jelatini ikipata maji huvimba na kulainika. Ikibanwa kwenye kioo chumba kikiwa na unyevu, hunata kama gundi. Mende huila, kuvu huila. Kidole chenye jasho huacha alama ambayo baada ya miaka hugeuka doa. Kwa hiyo usiifikirie picha kama karatasi yenye wino. Ifikirie kama kitu kilichotoka kwa mnyama, kinachovuta maji na kinachooza.

Unachohitaji kabla ya kufungua boksi

Usingoje bajeti ya wafadhili. Vitu hivi vingi vinapatikana Kampala:

- Glovu za nitrili zisizo na unga, za duka la dawa. Zile za pamba nyeupe ziache: hunasa kwenye kingo zilizochanika na hukunyima hisia ya vidole.
- Barakoa nzito ya kuzuia vumbi. Kuvu ikiingia mapafuni ni ugonjwa.
- Brashi pana yenye nywele laini sana, pamoja na kipulizio cha mpira cha kusafishia lenzi za kamera.
- Penseli laini, 2B. Kalamu ya wino isikaribie meza.
- Kipima unyevu na joto, hata kile kidogo cha kidijitali.
- Tochi na kioo cha kukuzia.
- Karatasi nyeupe isiyo na asidi ya kutengenezea bahasha, na maboksi imara. Unapoagiza nje, uliza kama karatasi imefaulu kipimo cha ISO 18916, ambacho huonyesha kama karatasi au plastiki inaidhuru picha. Kama bado hujapata, zunguka Nasser Road, mtaa wa wachapaji, utafute karatasi nyeupe nzuri, itumie kwa muda. Chochote kilicho cheupe na safi kinashinda bahasha ya kaki.
- Daftari gumu la kumbukumbu.

Plastiki inaruhusiwa kama ni poliyesta, polipropilini au polithini. Ile laini yenye harufu kali ya kitu kipya, ambayo albamu nyingi za bei nafuu hutengenezewa, ni PVC. Inatoa kemikali na kunata kwenye picha. Na kavera, mfuko wa plastiki wa sokoni, si bahasha ya picha.

Jambo la lugha kabla hatujaendelea. Mtaani "kusafisha picha" ni kazi ya studio: kutoa picha kutoka kwenye filamu. Humu ninaposema kusafisha nina maana ya kuondoa vumbi, basi. Nimewahi kumwona kijana aliyeelekezwa "safisha hizi" akaenda kutafuta beseni la maji.

Hatua kwa hatua

1. Siku ya kwanza usihamishe kitu. Piga picha boksi likiwa limefungwa, likifunguliwa, na kila tabaka kabla hujalitoa. Mpangilio wa picha ndani ya boksi ni habari. Bahasha chakavu, hata iliyoliwa nusu na mchwa, ni habari. Ukumbuke hazina iliyokutwa mwaka 2015 katika UBC, shirika la utangazaji la Uganda: negativu zipatazo 70,000, nyingi za miaka ya Idi Amin, zimelala kwenye kabati la mafaili. Thamani yake kubwa ilitokana na kwamba bahasha zake zilikuwa zimeandikwa tarehe na tukio. Mwaka 2019, sehemu ya picha hizo zilipoonyeshwa Makumbusho ya Uganda pale Kitante, watu waliweza kujua wanatazama nini na cha lini. Fikiria mtu mwenye bidii angezihamishia kwenye bahasha mpya nzuri na kuzitupa zile kuukuu. Tungebaki na nyuso zisizo na majina.

2. Andaa meza. Iwe pana na kavu, mbali na dirisha, juu yake karatasi nyeupe safi. Chai, soda na gunzi lako la mahindi vibaki nje. Nawa mikono, ikauke, vua pete na saa. Picha ishikwe kwa kingo, mikono miwili, au ibebwe juu ya kadi ngumu.

3. Jua una nini mkononi. Hapa usikimbie, maana kila aina ina ugonjwa wake.

Picha nyembamba sana, ya kahawia inayoelekea njano, iliyobandikwa kwenye kadi nene, huenda ni ya albumini, yaani ute wa yai. Hizo ni za enzi za wamisionari wa mwanzo, mwishoni mwa karne ya 19. Zikigusana na maji au mwanga mkali zimekwisha.

Nyeusi na nyeupe yenye mng'ao ni ile ya jelatini na fedha, na ndiyo utakayokutana nayo zaidi: arusi, pasipoti, darasa la shule, askari. Ukiiinamisha kwenye mwanga ukaona rangi ya buluu ya kimetali sehemu zenye giza, hiyo ni fedha iliyopanda juu. Usiifute.

Picha za rangi, hasa za miaka ya 1970 na kuendelea, zimetengenezwa kwa rangi za kemikali zinazofifia zenyewe hata gizani. Joto huziharakisha.

Negativu ndizo za kuogopa. Za kioo huvunjika, kwa hiyo zisimamishe kwa ukingo mrefu, usizilaze kwa rundo. Za plastiki zina aina tatu. Tafuta neno SAFETY kwenye ukingo wa filamu. Likiwepo, mara nyingi ni asetati: inukie, kama kuna harufu ya siki imeanza kuoza. Filamu isiyo na neno hilo, ya kabla ya miaka ya 1950 mwanzoni, imegeuka njano au kahawia, inanata, inatoa harufu kali ya kuchoma pua: ichukulie kuwa nitrati mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nitrati hushika moto kwa urahisi wa kutisha na moto wake hauzimwi kwa maji wala mchanga. Aina ya tatu, poliyesta, ni ngumu na haichaniki. Hiyo haina haja ya kukunyima usingizi.

ONYO: usijaribu kuchoma kipande cha filamu ili "kuona kama ni nitrati". Na usiifungie nitrati kwenye kopo lisilopitisha hewa. Iweke kwenye bahasha za karatasi, chumba cha peke yake chenye ubaridi na hewa, mbali na umeme, na mweleze mkuu wako kwa maandishi siku hiyo hiyo.

4. Watenge wagonjwa. Zenye kuvu upande mmoja, zenye harufu ya siki upande wa pili, nitrati nje kabisa. Mvuke wa siki huiozesha filamu ya jirani iliyokuwa nzima. Nimeona kabati zima likiangamia kwa kopo moja lililosahaulika chini.

5. Toa namba. Kila picha namba yake, na namba hiyo iwe daftarini pamoja na ukubwa, aina, hali yake, nani kaileta na lini. Iandike kwa penseli nyuma, pembeni kabisa, picha ikiwa imelala kifudifudi juu ya sehemu ngumu na safi, mkono mwepesi. Ukikandamiza, maandishi yatatokea mbele kama kovu. Picha zenye mgongo wa plastiki hazishiki penseli, basi andika kwenye bahasha kabla ya kuiingiza picha.

Maandishi yaliyopo mgongoni usiyafute hata kama ni ya watoto. Mhuri wa studio, jina la utani, salamu za Kiganda au Kiacholi: yanukuu yalivyo, na makosa yake.

6. Ondoa vumbi. Anza na kipulizio, kisha brashi, kutoka katikati kwenda nje, bila kukandamiza. Ukiona tabaka la juu linabanduka kama rangi ya ukuta wa zamani, acha kabisa, ifunge ilivyo. Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa hiyo nayataja moja moja: hakuna spiriti, hakuna kitambaa chenye maji, hakuna mate, hakuna kifutio upande wa sura, hakuna kupulizia kwa mdomo. Pumzi yako ina unyevu.

7. Ifunge. Bahasha moja, picha moja. Bahasha ikiwa na mshono wa gundi, uwe pembeni, na mgongo wa picha ndio uelekee mshono. Ondoa klipu, pini na raba, ila kama klipu imeshika kutu kwenye picha usiing'oe. Telezesha kipande cha plastiki safi kati ya chuma na picha, kisha ifungue polepole.

8. Iweke mahali pake. Kabati la chuma lililopakwa rangi kiwandani ni zuri kuliko la mbao mpya au pilaiwudi, kwa sababu mbao hizo hutoa mvuke wa asidi. Rafu ya chini iwe angalau sentimita 15 kutoka sakafuni. Usiegemeze kabati kwenye ukuta wa nje, wala usiliweke chini ya bomba au bati linalovuja. Chumba kikipakwa rangi ya mafuta, picha zikae nje ya chumba hicho mwezi mzima.

Kuhusu unyevu: vitabu husema asilimia 30 hadi 50. Kampala wakati wa masika, bila kiyoyozi, hutaifikia, na usijilaumu. Lengo lako la kweli ni kubaki chini ya 60. Ukipita 65 kwa siku kadhaa, kuvu inaanza kuota. Boksi ndani ya boksi husaidia sana, maana hupunguza kupanda na kushuka. Weka vifuko vya silika, chembe zinazonyonya unyevu, ndani ya kontena linalofunga vizuri, na vikibadilika rangi vikaushe kwenye oveni ya moto mdogo. Soma kipimo asubuhi na jioni, andika. Baada ya mwaka mmoja utakuwa na daftari la kumwonyesha bosi anayekuuliza kwa nini unataka kuhamishwa kutoka chumba cha chini ya ardhi.

9. Nakili. Picha ya karatasi iskaniwe kwa dpi 600 (nukta kwa kila inchi), negativu ndogo za milimita 35 kwa 3000 au zaidi, faili la TIFF. Jina la faili ni ile namba ya hatua ya 5. Hifadhi nakala tatu, moja iwe jengo lingine kabisa. Skani mbele na nyuma. Usirekebishe rangi kwenye faili kuu, rekebisha kwenye nakala. Baada ya hapo wageni waonyeshwe nakala, na fremu ya ukutani iwe na nakala pia. Tangu mwaka 2011, mradi wa History in Progress Uganda umeonyesha kwamba picha za nyumbani za watu wa kawaida zinaweza kunakiliwa na kuonwa na wengi. Huhitaji kumnyang'anya mtu albamu yake ili iingie kwenye historia.

Yakiharibika

Picha zimelowa mvua. Una saa 48 kabla kuvu haijaanza. Zisikauke zikiwa zimegandana. Kama ni chafu za tope, zisuuze kwenye maji safi ya baridi bila kusugua, kisha zilaze sura juu kwenye wavu safi wa dirishani, kivulini, feni ikipuliza hewa pembeni na si moja kwa moja. Jua hapana, pasi hapana. Zikiwa nyingi kuliko mikono yako, ziweke kwenye mifuko midogomidogo na uzigandishe kwenye friza, utazitoa chache chache. Negativu za kioo usizigandishe: anza nazo, zikaushe kwanza. Ukihitaji maji safi zaidi ya kusuuzia, yale yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, nunua duka la dawa. Kwenye vituo vya mafuta, madumu ya maji ya betri na ya asidi ya betri hufanana mno.

Kuna kuvu. Kama inapaka ukiigusa, iko hai: usiguse, ikaushe kwanza penye hewa kavu. Ikiwa unga mkavu, toka nje, vaa barakoa, ipeperushe kwa brashi ambayo hutaitumia tena kwa kazi nyingine. Doa litabaki. Liache.

Imegandana na kioo. Usibandue. Usitie maji, usitumie wembe, usipashe moto. Toa kila kitu nyuma yake, acha kioo na picha vikae pamoja, skani kupitia kioo, kisha vifunge pamoja kwenye boksi na uandike juu: IMEGANDA, ISIBANDULIWE. Fremu nyingine za familia ziwekewe ukingo wa kadi ili kioo kisiguse picha.

Picha kumi zimekuwa tofali moja. Ziache zikiwa tofali. Mtaalamu anaweza kuzitenganisha, lakini hawezi kurudisha ulichokwisha kuchana.

Albamu ya kunata haitoi picha. Chukua uzi wa meno usio na nta, upitishe chini ya picha kwa mwendo wa msumeno, polepole. Ukihisi inagoma, simama, skani ukurasa mzima ulivyo.

Selotepu ya zamani. Usivute. Vipande vilivyochanika viweke juu ya kadi moja ndani ya bahasha moja, bila gundi.

Picha ya rangi imekuwa nyekundu yote. Rangi nyingine zimekufa, hazirudi. Skani mapema, rekebisha kwenye nakala, na picha yenyewe ikae penye giza na ubaridi.

Negativu za asetati zinanuka siki. Kuoza hakurudi nyuma, ila hupungua kasi kwenye ubaridi. Nakili hizo kwanza kabla ya nyingine zote. Ukizihifadhi kwenye friji, ziwe ndani ya mifuko miwili iliyofungwa vizuri, na ukizitoa usifungue mifuko mpaka saa 24 zipite, la sivyo zitatoa jasho. Nitrati usiiweke kwenye friji ya nyumbani.

Swali la mwisho: nisomee wapi?

Makerere, kwenye shule ya maktaba na habari, wanafundisha usimamizi wa kumbukumbu, na huo ni msingi mzuri. Uhifadhi wa picha kama fani yake yenyewe utaufuata nje, au kwenye warsha fupi. Jiunge na watu wa makumbusho ya jamii, wana umoja wao hapa Uganda na hupeana habari za mafunzo.

Lakini kuna somo unaloweza kulianza leo. Omba studio ya mtaani wakupe picha ishirini zilizoharibika, za maabara ya zamani na si za printa ya wino. Loweka moja, ilaze sura chini kwenye kioo, weka kitabu juu, iache wiki. Kisha ibandue. Nyingine ipake spiriti. Nyingine ibandike selotepu na uivute baada ya mwezi. Andika ulichokiona kwa kila moja, na vipande vyake uviweke kwenye droo ya meza yako ya kazi, mahali ambapo mkono wako utavigusa kila unapotafuta wembe.